Barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya malikale: Itoeni mifupa kwenye kontena

Mheshimiwa,

YAH: MABAKI YA WATU WA KALE KUWEKWA NDANI YA KONTENA LA CHUMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunakuandikia hadharani kwa sababu barua zetu za ndani zimegongwa muhuri wa kupokelewa, zikaishia hapo.

Wiki iliyopita maboksi ya mifupa ya wafugaji na wakulima wa kale yalitolewa kwenye chumba chenye kuta nene za mawe, yakahamishiwa kontena lililopo uani. Tunasikia chumba kinatakiwa kwa mikutano. Wengine wanasema ni ofisi ya mradi mpya. Sisi tunaowajibika na mifupa hiyo hatujaandikiwa chochote, kwa hiyo tunabaki kukisia kama wapita njia. Tunashukuru, lakini, kwamba kontena limepakwa rangi mpya. Bahati mbaya ni bluu iliyokoza, na hakuna mti karibu. Saa nane mchana ukigusa ukuta wake kwa ndani unaondoa kiganja haraka. Alfajiri mifuko ya plastiki yenye mafuvu imejaa matone ya maji kwa ndani.

Tulipouliza tukajibiwa kwa mdomo kwamba mifupa iliyokaa ardhini miaka 3,000 haitashindwa na miezi michache ya kontena. Jibu hilo ndilo limetufikisha hapa, maana linasikika kama lina akili.

Mheshimiwa, Luxmanda, eneo la wafugaji wa kale lililochimbwa kaskazini mwa Tanzania, ipo kwenye uwanda wa Mbulu, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mfupa uliofukiwa huko haujui mchana wala usiku. Udongo unazuia joto kupanda na kushuka, na jua halifiki. DNA iliyobaki, yaani vinasaba vya urithi tunavyovitafuta, imeshikamana na madini ya mfupa, na kinachoikata ni maji yakisaidiwa na joto. Joto likipanda kwa nyuzi 10 kasi ya kukatika haiongezeki kidogo, inaongezeka mara kadhaa. Kontena linatoa vyote viwili: joto la mchana, na unyevu wa alfajiri unaogeuka matone ndani ya mfuko na kurudi mfupani. Chumvi iliyotoka na mfupa ardhini nayo inayeyuka usiku na kuganda mchana, na kila ikiganda inapanua nyufa. Hiyo haihitaji miaka 3,000.

Wenzetu wa Ufaransa walishapima jambo hili na kulichapisha mwaka 2007. Mifupa ya ng'ombe mwitu mmoja, aliyekufa miaka 3,200 hivi iliyopita, ilichimbwa kwa awamu mbili, mwaka 1947 na mwaka 2004. Ile ya 2004 ilitoa DNA. Ile ya 1947, iliyooshwa na kukaa makumbusho, haikutoa kitu. Mnyama ni yuleyule, udongo ni uleule. Miaka 57 ya kabati iliharibu kiasi kilekile kilichoharibiwa na miaka yote ya ardhini. Na hilo lilikuwa kabati la Ufaransa, si kontena la uani kwetu.

Labda swali ni kwamba mifupa hii ina faida gani. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya mtu mmoja wa Luxmanda aliyeishi takriban miaka 3,100 iliyopita: kama asilimia 38 ya nasaba yake inahusiana na wakulima wa kwanza wa mashariki ya Mediterania. Mwaka 2019 wakafuata watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania. Wafugaji wa kwanza wa Bonde la Ufa wakaonekana wana nasaba tatu: takriban asilimia 40 inayofanana na watu wa Sudan, nyingine 40 ya upande wa kaskazini mwa Afrika na Mashariki ya Kati, na 20 ya wawindaji waliowakuta huku. Vyungu na zana za mawe vilitufanya kwa miongo mingi tuamini kwamba wafugaji wa utamaduni unaoitwa wa Savana na wale wa utamaduni wa Elmenteita walikuwa watu mbalimbali. DNA inasema damu yao ni karibu moja. Kisha kuna mtu wa Deloraine, upande wa Nakuru, aliyeishi zaidi kidogo ya miaka 1,000 iliyopita, wakati wa chuma na kilimo: yeye nasaba yake inaelekea Afrika Magharibi, kama ilivyo kwa wasemaji wa lugha za Kibantu wa leo. Hakuna chungu kingeweza kutamka hayo. Na sehemu kubwa ya mifupa iliyotoa majibu haya ilikuwa imechimbwa zamani, ikakaa kwenye maboksi kama haya haya tunayoyazungumzia.

Maabara inahitaji kidogo mno. Mfupa mgumu kuliko yote mwilini ni ule unaozunguka sikio la ndani, kwenye kitako cha fuvu. Kwa nchi za joto kama zetu ndio tegemeo. Unaweza kuwa na DNA mara kadhaa, wakati mwingine zaidi ya mara mia, kuliko mfupa mwingine wa mtu huyohuyo. Unachukuliwa unga wa miligramu 50 au pungufu, ambao haujazi ncha ya kijiko cha chai. Unga unalowekwa usiku kucha kwenye EDTA, kemikali ya kuyeyusha madini ya mfupa, na kimeng'enya cha kuyeyusha protini, kisha DNA inanaswa kwa silika, madini yaliyomo kwenye mchanga. Kinachotoka ni vipande vifupi, vingi havifiki herufi 100 (DNA huandikwa kwa herufi nne: A, C, G na T). Kikishuka chini ya herufi 30 hakisomeki kwa uhakika, kwa sababu kinaweza kufanana na sehemu nyingi za jenomu, yaani DNA yote ya mtu. Ndiyo maana tunalia na joto. Haliifuti DNA siku moja; linaifupisha tu, mpaka siku tukija na drili tunakuta vumbi lisilo na neno.

Sasa kuhusu namna maboksi yalivyohamishwa. Vijana waliopewa kazi (hatuwalaumu, walitumwa) waliambiwa mifupa ipendeze kabla ya kuingia makazi mapya. Wakaiosha kwa maji ya bomba na brashi, mikono mitupu, wakaianika juu ya bati. Mafuvu mawili yaliyopasuka wakayaunganisha kwa supaglu. Mheshimiwa, anayefanya kazi kwenye mabaki ya watu ana shida ambayo mwenye mifupa ya ng'ombe hana: jasho lake na mate yake ni DNA ya binadamu vilevile. Maji yanaisukuma ndani ya vitundu vya mfupa. Tukifika maabara tunaweza kufuta juu kwa jiki na kuwasha taa ya miale ya urujuanimno, lakini ndani ya vitundu haifiki. Kipimo kipo, DNA ya kale huwa na makosa miishoni, herufi C husomeka T, na ya leo haina. Ila kipimo hicho kinakuonyesha uchafu tu, hakirudishi kilichooshwa. Na supaglu haitoki kirahisi; gundi ya kazi hii ni Paraloid B-72, inayotoka kwa asetoni wakati wowote ukibadili mawazo.

Kuna na lebo. Karatasi zilizokuwa ndani ya mifuko zimelowa, wino umesambaa. Fuvu lisilo na namba ya kaburi na kina cha shimo, hata likitoa DNA safi, halina kwao.

Ulipotembelea ghala ulisema, mbele ya kamera, kwamba hii ni hazina ya Taifa na kwamba itapata jengo lake lenye kiyoyozi. Tulipiga makofi. Tangu hapo ni "suala lipo kwenye mchakato" na "bajeti ijayo". Wakati huohuo vibali vya kupeleka sampuli nje vinachelewa kwa hoja kwamba mifupa lazima ilindwe. Tunakubali ilindwe, na kwa kila mtu uchukuliwe mfupa wa sikio moja tu, upigwe picha na kuchanganuliwa kwa CT (eksirei ya pande zote) kabla ya kuguswa, na wa pili ubaki. Lakini ulinzi wa aina gani unaokataza drili ya miligramu 50 na kuruhusu fuvu zima kukaangwa?

Tulikusudia kuomba jengo. Tukaona tuombe chumba kirudi. Hata chumba chote si lazima: mafuvu peke yake yataenea kwenye rafu za ukuta mmoja, mkutano ukaendelea. Nyuzi 18 hadi 20 zisizobadilika, unyevu chini ya asilimia 50, vifuko vya silika kama vile vya kwenye maboksi ya viatu vikaushwe na kubadilishwa kila vikilowa. Mifuko ya plastiki itobolewe. Mtu asioshe kitu. Kama hata ukuta mmoja ni mwingi, basi tuezeke makuti juu ya kontena, tuache nafasi ya futi moja hewa ipite, na lipakwe nyeupe. Makuti na chokaa tutachanga wenyewe.

Ila kontena limefungwa, ufunguo upo ofisini, na ili kuuchukua tunaambiwa tuandike barua. Hii ndiyo barua. Tunaomba ufunguo kabla jua la Desemba halijafika, Mheshimiwa. Kubeba tutabeba sisi, na glavu tunazo.

Wako katika utumishi,
Wahifadhi na mafundi wa maabara wa ghala la mabaki ya kale

Nakala: wote waliopokea barua zilizotangulia