Kukesha si kukosa usingizi usiku mmoja

Mhariri,

Makanisa mengi hapa Kigoma huwa na mkesha wa maombi Ijumaa usiku. Ni jambo jema. Lakini Jumamosi mchana, aliyeomba hadi alfajiri ameamka amechoka, hana subira na watoto, yuko peke yake chumbani na simu mkononi. Hapo ndipo wengi huanguka, na ni saa ambayo mafundisho yetu hayaigusi kabisa. Pale Gethsemane Bwana aliwauliza wanafunzi kama hawakuweza kukesha naye hata saa moja. Saa moja tu, ila ilikuwa saa yenyewe ya hatari.

Mlinzi mzuri anajua adui hupita wapi na hupita lini. Mkristo naye ajue hivyo kuhusu nafsi yake. Nawashauri waumini wachukue daftari na kwa siku 14 waandike kila jaribu: saa, mahali, waliokuwapo, na hali ya mwili, yaani njaa, uchovu, hasira au upweke. Undani wa tamaa yenyewe usiandikwe, maana kuuandika ni kuichochea upya. Wiki mbili zikiisha, mtu ataona majaribu yake yanarudi saa zile zile. Daudi hakuangukia vitani. Aliangukia Yerusalemu, jioni, majira ambayo wafalme wenzake walikuwa wametoka kwenda vitani. Na Ibilisi alimwendea Yesu alipokuwa na njaa, baada ya kufunga siku 40.

Wavuvi wa Kibirizi, hapa Kigoma, wataelewa upesi. Dagaa hafukuzwi, anaitwa kwa taa. Usiku wa giza anapanda mwenyewe kuufuata mwanga, na wavu unamngoja. Mtume Paulo aliandika kwamba Shetani hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru, kwa hiyo tusitegemee jaribu lije na sura ya kutisha. Wavuvi hao hao wanajua pia kwamba mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu. Vivyo hivyo nuru ya Mungu ikimjaa mtu, taa ya jaribu haimvuti. Ndiyo maana nasisitiza zaburi moja na dakika 15 za maombi kabla simu haijawashwa asubuhi, kisha dakika tano katika ile saa ambayo daftari limeonyesha ni mbaya.

Yakobo, katika waraka wake, anaeleza hatua za anguko: tamaa humvuta mtu, huchukua mimba, huzaa dhambi, na dhambi huleta mauti. Pa kukata ni kwenye kuvutwa. Kijana anayebeti hashindwi pale anapoweka mkeka. Ameshashindwa robo saa kabla, alipofungua ratiba ya mechi akiwa na salio kwenye simu. Basi fedha ya siku imfikie mke au iingie kwenye kikoba kabla ya jioni, na programu ya kubeti ifutwe. Kwa anayesumbuliwa na picha chafu, simu ilale sebuleni kuanzia saa tatu usiku, na anunue saa ya mezani ya kumwamsha, maana kisingizio cha kengele ndicho kinachoirudisha simu kitandani. Yusufu hakubaki kujadiliana na mke wa Potifa. Alikimbia, hata vazi akaliacha. Mlango wa kutokea upo, lakini uchaguliwe mapema, moto ukiwa bado haujawaka.

Kuhusu mwili tumekosea sana. Nabii Eliya alipokata tamaa chini ya mti wa mretemu, malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, ndipo safari ikaendelea. Kula na kulala ni sehemu ya vita hivi. Kufunga bila maji siku tatu huku unabeba mizigo mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, kunazaa hasira nyumbani. Wajawazito, wenye kisukari na wanaotumia dawa za kila siku wasifunge kula bila kuzungumza na daktari. Wanaweza kufunga simu au maneno ya bure.

Jambo linaloniumiza zaidi ni hili la kumtwika kila anguko jini au mchawi. Mtu amefilisika kwa kubeti, anaambiwa amefungwa kichawi, analipia mafuta ya upako, na kesho anabeti tena kwa sababu tundu lenyewe halikuzibwa. Vibaya zaidi, kidole huelekezwa kwa bibi kizee mwenye macho mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni alizopikia maisha yake yote. Ibilisi yupo, nami naamini hivyo kwa moyo wote. Lakini Yakobo anasema kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe.

Mwisho, kila mtu awe na mwenzake mmoja wa jinsia yake, mkomavu, asiye na umbea. Vikundi vikubwa hushindwa kwa sababu siri ya Jumatano huwa habari ya sokoni Alhamisi. Wakutane mara moja kwa wiki, nusu saa inatosha, waulizane: ulijaribiwa wapi, na ulikimbilia wapi? Aliyeanguka amwambie mwenzake siku hiyo hiyo, asingoje Jumapili. Petro alilia usiku ule ule, jogoo alipowika.

Mzee wa kanisa,
Mwanga, Kigoma