Yale maua meupe sio lili

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Siku hizi harusini na misibani yale maua meupe yaliyojikunja kama faneli kila mtu anayaita lili, ila sio lili kabisa, asili yake Afrika Kusini na ule weupe wenyewe ni jani tu, maua halisi ni yale madogomadogo yamebanana kwenye kile kijiti cha njano katikati. Lili ya kweli inaota kwenye tunguu la ardhini lililo kama kitunguu, ina petali sita, na ile nyeupe ya pande za Mediterania ndo wachoraji wa Ulaya walimshikisha malaika Gabrieli akimpasha habari Bikira Maria, maana yake usafi. Naipenda sana. Ila wenye paka jamani msiiweke ndani, hata chavua yake paka akilamba figo zinakufa.

Msomaji wenu, Arusha