Maji ya sola yanaunguza? Tatizo halimo kwenye themostati

Msimu wa jua ukianza hapa Arusha, simu tunazopokea hufanana: "Fundi, sola yetu inaunguza, njoo upunguze themostati." Tunakuja, lakini themostati hatuigusi. Ile iliyofungwa kwenye tanki la sola inaiamuru koili ya umeme peke yake. Ukiiweka nyuzi 55, koili itazima zikifika 55, ila jua litaendelea kupasha. Tanki la mirija ya vioo likishinda juani siku nzima na nyumbani hakuna anayetumia maji, kuvuka nyuzi 80 si ajabu.

Kwa maji ya nyuzi 60, ngozi ya mtu mzima inahitaji sekunde kama 5 tu kuungua vibaya. Yakiwa nyuzi 50 inachukua kama dakika 5, yaani mtu anapata nafasi ya kushtuka na kujitoa. Ngozi ya mtoto ni laini zaidi, na bibi mwenye magoti mabovu hawezi kuruka kutoka chini ya bomba la mvua.

Wenye hita ya umeme tupu wana jaribu la upande mwingine: wanaishusha hadi nyuzi 45 na kuona wameokoa umeme na watoto kwa pamoja. Hapo tunakataa. Kati ya nyuzi 20 na 45 ndipo bakteria aitwaye Legionella anapostawi, na anaingia mapafuni kwa ule mvuke wa maji ya kuoga na kuleta nimonia. Kwenye nyuzi 60 anakufa. Kwa hiyo tanki liache liwe la moto, upoze maji yakiwa njiani kwenda bafuni.

Kazi hiyo hufanywa na vali ya kuchanganyia yenye themostati yake yenyewe. Ina midomo mitatu: maji moto yanaingia huku, baridi huku, na yaliyochanganyika yanatokea wa tatu. Ndani mna kidonge cha nta. Maji yakizidi moto nta inatanuka, inasukuma pistoni, njia ya maji moto inabanwa na ya baridi inafunguka. Yakipoa, springi inairudisha. Haitumii umeme. Nyingi unaweza kuzipanga kati ya nyuzi 35 na 60, na kwa kuoga sisi huiacha kwenye 42 au 43.

Kuna faida ambayo wauzaji hawaisemi sana. Chukua tanki la lita 200 na maji baridi ya nyuzi 20. Tanki likiwa nyuzi 70, kwa hesabu ya karatasini unapata kama lita 450 za kuogea kwa nyuzi 42. Likiwa nyuzi 50, hazifiki 275. Kwa nyumba yenye wageni wa Krismasi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama wa mwisho kuoga atapata maji moto.

Sasa tuje kwenye linalotusumbua kweli, ambalo ni bomba la maji baridi.

Nyumba nyingi sola inalishwa na simtanki kwa mteremko. Kila mita moja ya kimo inakupa presha ya bar 0.1, kwa hiyo mita tatu ni bar 0.3 tu. Halafu fundi aliyejenga bafu akachukua maji baridi moja kwa moja kutoka bomba la mamlaka, au kwenye pampu, ambako presha inaweza kuwa mara kumi ya hiyo. Ukifunga vali hapo, baridi inaishinda nguvu ya moto na kurudi kinyumenyume hadi kwenye tanki la sola. Dalili yake ni rahisi: mtu anaoga, na juu ya bati maji yanamwagika kutoka kwenye bomba la kupumulia. Wengi hudhani tanki limetoboka. Tumekuta nyumba iliyobadilishiwa tanki zima kwa sababu hiyo, na siku ya pili likamwaga vilevile.

Dawa ni kuvuta maji baridi ya vali kutoka simtanki ileile inayolisha sola, na kuweka vali za kuzuia maji kurudi kwenye njia zote mbili. Kuongeza pampu kabla ya sola usikubali mpaka mtu athibitishe kuwa tanki lako ni la presha. Lisilo la presha litapasuka. Vali nayo iwe ya presha ndogo. Tafuta alama ya EN 1287 (namba ya kiwango cha Ulaya) kwenye maelezo yake, maana zenye EN 1111 zimetengenezwa kwa presha kubwa na kwenye mteremko zinaweza kukupa maji ya kudondoka tu.

Tunapendelea kuifunga karibu na bafu, ili maji ya vuguvugu yasilale kwenye bomba refu. Bomba la jikoni tunalichepusha kabla ya vali, kwa kuwa sufuria yenye mafuta inataka maji makali. Ila koki hiyo iwe juu, mbali na mikono midogo.

Matunzo si mengi. Mara moja kwa mwaka safisha vichujio vyake, na kama maji yako ni ya kisima na birika linaota ukoko mweupe, fanya mara mbili. Kisha fungua maji bafuni, funga njia ya baridi inayoingia kwenye vali ghafla: vali iliyo nzima inakata maji ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kutiririsha ya moto, nta imechoka au ulichouziwa ni koki ya kawaida yenye umbo zuri.

Ukitupigia, tuambie simtanki iko kimo gani kutoka bomba la kuogea, maji baridi ya bafuni yanatoka wapi, na kama kuna pampu. Picha ya tanki la sola ikionyesha kibao chake cha maelezo itatuokolea safari.