Barua kwa mwanangu: SSD au HDD, usikisie

Mwanangu mpenzi,

Umesema kompyuta yako inachukua muda mrefu kuwaka, kwa hiyo lazima ina HDD, yaani diski ya sahani zinazozunguka, si SSD, ile ya chipu isiyo na kinachozunguka ndani. Huenda ikawa kweli, lakini ugoigoi peke yake hauthibitishi kitu. SSD iliyojaa pomoni, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) haba, au programu kumi zinazojiwasha zenyewe asubuhi huleta dalili zile zile. Basi iulize mashine kwanza. Bisibisi iwe ya mwisho.

Kwenye Windows 10 au 11, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, halafu tazama Disk 0 upande wa kushoto. Chini yake pameandikwa SSD au HDD. Windows 10 za kabla ya 2020 hazionyeshi hapo. Kwa hizo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dfrgui, kisha Enter, usome safu ya Media type.

Angalia jambo moja: dfrgui huorodhesha herufi, si diski zenyewe. C na D zinaweza kuwa sehemu mbili za diski moja, au zikawa diski mbili tofauti kabisa, SSD ndogo yenye mfumo na HDD kubwa ya mafaili. Wengi hutazama C, wakaona SSD, wakafurahi, kumbe picha na video zao zote zinasomwa kutoka HDD. Ndiyo maana mimi napendelea PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kwa sababu yenyewe huhesabu diski halisi. Ifungue, uandike hivi:

Get-PhysicalDisk | Select FriendlyName, MediaType, BusType, Size

MediaType ndiyo jibu lako. BusType inakuambia diski imeunganishwa vipi: SATA, NVMe au USB. Ukiona NVMe, hakuna haja ya kuendelea kutafuta, hiyo ni SSD. SATA haikuambii kitu, maana aina zote mbili hutumia njia hiyo. Ukiona SD au MMC, hiyo kwa kawaida ni hifadhi ya eMMC, chipu zilizochomelewa kwenye ubaomama, mara nyingi za GB 32, 64 au 128. Haina kinachozunguka ndani, lakini ni ya polepole kuliko SSD ya kweli na huwezi kuichomoa ubadilishe. Wauzaji hupenda kuiita SSD. Usikubali.

Wakati mwingine MediaType itasema Unspecified. Kompyuta haijaharibika. Kati ya Windows na diski kuna kitu kinachoficha habari: kidhibiti cha RAID (kinachounganisha diski kadhaa), kasha la USB, au mashine pepe (kompyuta ya programu ndani ya kompyuta). Hapo chukua FriendlyName, yaani namba ya modeli, uitafute kwa mtengenezaji neno kwa neno. ST1000LM035 ni HDD ya Seagate, MQ04ABF100 ni HDD ya Toshiba, SA400S37 ni SSD ya Kingston. Karatasi ya maelezo ikitaja mizunguko 5400 au 7200 kwa dakika, ni HDD, mjadala umekwisha. Ukikuta SSHD, hiyo ni diski mseto: sahani zile zile pamoja na flashi kidogo, kwa mfano GB 8. Ihesabu kuwa HDD.

Ukubwa nao hudokeza kidogo. Windows huonyesha diski ya GB 256 kama 238, ya 512 kama 476. Namba hizo karibu kila mara ni za SSD. Lakini 465 na 931, yaani GB 500 na TB 1, zinapatikana kwa aina zote mbili.

Kwenye Linux fungua Terminal, uandike lsblk -d -o NAME,ROTA. Namba 1 ni ya kuzunguka, 0 si ya kuzunguka. SSD iliyo ndani ya kasha la USB mara nyingi huonyeshwa 1, kwa kuwa kasha halipitishi taarifa hiyo. Kwenye Mac, pia ndani ya Terminal, andika diskutil info disk0 utafute mstari wa Solid State.

Ukibaki na shaka, pima kasi. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike winsat disk -drive c. Usiitazame kasi ya kusoma kwa mfululizo peke yake, kwa sababu HDD nzuri inaweza kupita MB 100 kwa sekunde. Itazame ile ya Random. Sahani inayozunguka mara 5400 kwa dakika hutumia milisekunde 11 hivi kumaliza mzunguko mmoja, na kichwa cha kusomea hungoja wastani wa nusu yake kila kinaporukia mahali papya, mbali na muda wa kusogea kwenyewe. Kwa hiyo kasi ya HDD huporomoka hadi MB chache tu. SSD haingoji chochote kizunguke. Kuwasha kompyuta ni kusoma mafaili madogo mengi yaliyotawanyika, na hapo ndipo HDD hukuchosha.

Ukilazimika kufungua, zima kabisa, chomoa chaja, na betri kama inatoka. Diski ya inchi 3.5 karibu kila mara ni HDD. Ya inchi 2.5 yaweza kuwa yoyote, soma lebo. SSD ni nyepesi zaidi. Kijikadi chembamba cha M.2, kwa kawaida milimita 22 kwa 80, ni SSD, ila yaweza kuwa ya SATA au ya NVMe, na si kila nafasi ya M.2 hupokea zote mbili.

Kabla ya kununua chochote, nakili mafaili yako nje. Ukifuta kitu kwenye HDD, mara nyingi hurudishika mpaka kiandikiwe juu. Kwenye SSD, amri ya TRIM huiruhusu diski kuisafisha nafasi hiyo mapema, na mara nyingi hakirudi tena.

Niandikie namba kamili ya modeli, jibu la BusType, na modeli ya kompyuta yenyewe. Kama ni HDD ya inchi 2.5, SSD ya SATA yenye unene wa milimita 7 itaingia mahali pake; kama kuna nafasi ya M.2, tutatazama kwanza inapokea nini.

Ni mimi,
Baba yako