Bustani za makopo zitufikie na sisi wenye ulemavu

Mhariri,

Kila mvua inapokaribia, wakazi wa Nairobi huhimizwa kukuza mboga nyumbani kwenye magunia, makopo na mitungi iliyokatwa. Wito huo ni mwema na nauunga mkono. Lakini karibu vifaa vyote ninavyoona vikigawiwa mitaani hukaa chini sakafuni, na mafunzo hutolewa kana kwamba kila mtu anaweza kuchuchumaa na kubeba mtungi wa lita 20. Sisi tunaotumia viti vya magurudumu, wazee wenye maumivu ya magoti na waliopooza upande mmoja tunabaki watazamaji.

Jambo kubwa ni kimo. Anayelima akiwa kwenye kiti cha magurudumu anahitaji meza iliyo wazi chini, yenye nafasi ya kama sentimita 70 ili magoti yapite. Ikiwa imeegemezwa ukutani, upana usizidi sentimita 60, maana kupita hapo mkono haufiki. Yangu nilichomelewa na fundi wa jua kali kule Kamukunji kwa vyuma vya kitanda kikuukuu. Juu yake nimepanga beseni zilizotobolewa matundu, zisizo na kina kirefu. Zingekuwa ndefu, mboga zingenifika usoni. Dania na spinachi hukubali udongo wa sentimita 20. Sukuma wiki hutaka kama 30, kwa hivyo iko pembeni kwenye ndoo, juu ya ubao wenye magurudumu ambao nausukuma kulifuata jua.

Uzito nao usipuuzwe. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo wenye maji huzidi kilo 20, na udongo mtupu hushikamana. Ukichanganywa na samadi iliyooza vizuri na maganda ya nazi yaliyosagwa, huwa mwepesi na hupitisha maji. Wakati wa mgao wa maji, chupa iliyotobolewa kifuniko na kupinduliwa udongoni hulisha mmea polepole. Mwenye vidole visivyokaza ataishika koleo ndogo vyema mpini ukizungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji utaalamu wa kutoka ng'ambo. Kinachokosekana ni mtu wa kutukumbuka mapema. Mafunzo niliyoalikwa majuzi yalifanyiwa ghorofa ya pili, jengo lisilo na lifti, nikarudi nyumbani. Ilhali Ibara ya 43 ya Katiba yetu ya 2010 inampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha, na Ibara ya 54 inatupa sisi haki ya kufika mahali pa umma. Kaunti yenyewe ina sheria ya kilimo cha mijini tangu 2015.

Naiomba Kaunti na mashirika yanayogawa magunia watenge sehemu ya fedha zao kwa meza na vibao vya magurudumu, na mafunzo yafanyiwe ghorofa ya chini. Wenye ploti nao wawaruhusu wapangaji wasiojiweza kuweka makopo mawili matatu uani penye jua, mradi njia haizibwi. Na kabla vifaa vya msimu ujao havijanunuliwa, watuite tuvijaribu tukiwa tumeketi.

Msomaji,
Umoja, Nairobi