Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Utunzaji wa Majengo ya Kale Kilwa Kisiwani

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana mnaotembeza wageni, assalaam aleikum.

Kama katiba yetu inavyotaka, nawasilisha taarifa ya kazi za mwaka 2024. Shughuli za kawaida mnazijua, hivyo sitazirefusha. Tulifyeka vichaka kuzunguka Msikiti Mkuu na jumba la Makutani, tukasafisha njia ya kwenda kwenye magofu ya jumba la Husuni Kubwa, tukapanda tena miche ya mikoko mbele ya Gereza, ile ngome ya kale, pale ilipokuwa imekufa. Wanafunzi walitembezwa, na wageni walipokelewa kwa heshima. Waliofanya kazi hizo nawashukuru sana.

Sasa nije kwenye suala la saruji, ambalo limezungumzwa mno barazani na bandarini, lakini kikaoni hakuna aliyelileta.

Mnakumbuka kwamba msamaria mwema alitupatia mifuko ya saruji iliyobaki kwenye ujenzi, ili tuzibe ufa wa ukuta wa makaburi ya zamani na kuupiga lipu upya. Mimi nilikataa isitumike hapo. Badala yake kamati, kwa pendekezo langu, ikanunua chokaa na kumlipa fundi anayeijua kazi hiyo, chini ya uangalizi wa mhifadhi na kwa kibali. Tangu siku hiyo nimesikia kwamba mwenyekiti anachezea fedha, kwamba cha bure kimekataliwa, na kwamba nataka sifa kwa wakubwa. Nalijibu jambo hili leo mbele yenu nyote.

Kuta zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi, linanyonya maji kutoka chini ardhini na chumvi kutoka baharini. Chokaa huyaachia maji hayo yatoke yakauke. Saruji huyafungia. Maji yakifungiwa, chumvi huganda ndani ya jiwe, ikavimba na kulivunja kwa ndani, huku nje lipu ikionekana nzima na nzuri. Baada ya miaka michache lipu hudondoka, nayo huondoka na uso wa jiwe.

Anayebisha niliomba twende naye mpaka upande wa nyuma wa ukuta ule, ambako zamani mtu aliziba shimo kwa saruji. Waliokuja waliona. Fundi aligonga kwa mpini wa mwiko, ukasikika uwazi ndani. Akachokonoa kidogo pembeni, kipande cha saruji kikatoka kizima kama kifuniko cha sufuria, na nyuma yake jiwe lilikuwa limegeuka vumbi jeupe, unalichota kwa vidole. Ukionja ulimi unapata chumvi. Hatua mbili tu kutoka hapo, palipobaki chokaa ya wazee, jiwe ni gumu mpaka leo.

Msikiti Mkuu ulipanuliwa na kuwekewa kuba mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta wa Moroko alimkuta hapa mwaka 1331. Saruji hii ya viwandani haikuwepo. Ilisajiliwa Uingereza mwaka 1824. Majengo yaliyostahimili mvua za masika kwa karne zote hizo yalistahimili kwa chokaa, na sioni kwa nini sisi tuyafundishe kazi nyingine.

Mwanachama mmoja aliuliza swali la haki kabisa: tunakatazwa kukata mikoko na kuvunja matumbawe, je, chokaa hiyo haikuchomwa kwa mikoko na matumbawe hayo hayo? Jibu ni hapana. Kuchoma tanuu hapa kisiwani nilikataa mwenyewe. Tulinunua chokaa ya mawe ya Tanga, ikavushwa kwa boti kutoka Kilwa Masoko. Tuliimwagia maji ikachemka, tukaiacha shimoni ilainike ndipo tukachanganya na mchanga uliooshwa. Ndiyo sababu kazi ilichukua muda. Chokaa hupakwa kwa tabaka nyembamba, moja ishike ndipo lije jingine, na kila siku inanyunyiziwa maji na kufunikwa magunia isipigwe na jua. Walioniona asubuhi na ndoo pale makaburini wanajua nilikuwa nafanya nini.

Na saruji yenyewe haikupotea. Imekwenda kwenye sakafu ya darasa, kwa maandishi, na hati ipo kwa katibu.

Kuna na upande wa sheria. Majengo haya yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979. Kisiwa chetu pamoja na Songo Mnara viliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 tukawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu kuta zilikuwa zinaporomoka na bahari inakula ufukwe. Ilitugharimu miaka kumi kutoka humo, mpaka 2014. Wengi wenu mlibeba mawe na kupanda mikoko wakati huo. Siwezi kukubali turudi kule kwa ajili ya mifuko michache ya saruji, hata kama ni ya bure. Na wale wanaookota mawe ya magofu kujengea misingi, nawaomba kwa mara nyingine waache, maana hilo nalo ni kosa kisheria.

Fedha. Tuliingiza Sh 890,000: ada Sh 330,000, michango ya watembeza wageni Sh 410,000, na zawadi za wageni Sh 150,000. Tulitumia Sh 753,000: chokaa, mchanga na usafiri Sh 385,000, fundi Sh 240,000, miche Sh 70,000, nauli na karatasi Sh 58,000. Zimebaki Sh 137,000.

Hapo kwenye ada inaniuma. Daftari lina wanachama 64. Waliolipa Sh 12,000 yote ni 23, waliolipa nusu ni 9, na 32 hawajatoa hata shilingi. Tunadai Sh 438,000, fedha inayozidi gharama ya chokaa yote iliyolalamikiwa. Najua bahari haikutoa samaki miezi ile, na hakuna aliyefukuzwa kwa kukosa. Lakini mtu asiyelipa na asiyefika kikaoni anapata wapi kauli ya kusema fedha zimechezewa? Mkutano Mkuu uliahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi. Mara ya pili mabati ya banda yalinyeshewa mvua na kukauka tukiwa tumekaa watu wachache, wengi wao akina mama, tunasubiri. Wao ndio waliokibeba chama mwaka huu, nataka iandikwe hivyo kwenye kumbukumbu.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuendelea na upande wa pili wa ukuta, kuwafundisha vijana wawili watatu kazi ya chokaa ili tusitegemee fundi wa nje, na kuangalia uwezekano wa kibao cha maelezo kwa Kiswahili pale makaburini. Itategemea ada na kibali.

Uchaguzi wa viongozi utafanyika kwenye mkutano huu. Sikatai kuendelea, na sikatai kupumzika. Atakayechukua nafasi hii nitamkabidhi funguo za stoo na chokaa iliyobaki shimoni. Isiachwe ikauke, imwagiwe maji kila wiki.

Mwenyekiti