Wazee tupimwe urefu kabla hatujavunjika nyonga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwaombe wanaopanga huduma za wazee jambo ambalo gharama yake haizidi futi kamba ya fundi cherehani.

Dada yangu, mwenye umri wa miaka 74, alianza kulalamika miaka mitatu iliyopita kwamba madera yake yanaburuzika chini, akamlaumu fundi. Tulicheka. Kumbe fundi hakuwa na kosa, aliyepungua ni mvaaji, kwa kuwa pingili za uti wa mgongo wake zilikuwa zikibonyea kidogo kidogo, na maumivu aliyoyasema sisi tuliyaita uzee. Mwaka uliofuata aliteleza uani akavunjika kifundo cha mkono, akafungwa hogo, na lilipofunguliwa akaambiwa amepona, pasipo mtu kuuliza imekuwaje mfupa uvunjike kwa kuanguka chini tu, wala si kutoka juu ya mnazi. Machi mwaka huu alianguka usiku mlangoni mwa choo, nyonga ikavunjika, na hadi leo anatembea kwa magongo.

Ugonjwa huo madaktari huuita osteoporosisi. Mfupa unakuwa kama mkate wa kumimina: kwa nje mzima, ndani vitundu vitupu. Wanawake hutangulia kwa sababu hedhi ikikoma homoni ya estrojeni hupungua na mifupa humomonyoka kwa kasi, lakini wanaume hawakusalimika, hasa wavutaji sigara, walevi, na wanaomeza prednisoloni kwa miezi mitatu au zaidi kwa ajili ya pumu au baridi yabisi (hao wasiache dawa kwa hiari yao, bali wamuulize daktari kuhusu mifupa).

Sisi tuliotimiza miaka 60 tuna dirisha letu la wazee hospitalini, na tunashukuru. Hata hivyo katika kliniki ninayohudhuria tunakaa kwenye benchi saa nzima na zaidi, tunapimwa presha, sukari na uzito, tunapewa dawa, tunaondoka. Saa hiyo ingetosha muuguzi mmoja kutueleza, kwa Kiswahili chetu, kwamba mwanamke aliyevuka miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, ilhali kikombe cha maziwa kina kama 300. Kwamba dagaa wanaoliwa na miiba yao, mtindi na uji wa ulezi husaidia kuliko supu ya kongoro, ambayo tunaisifu sana ingawa kalsiamu yake ni kidogo mno. Kwamba ajuza anayeshinda ndani amejifunika hakosi upepo tu, hukosa pia vitamini D inayotokana na jua la ngozini. Na kwamba kumkataza mzee kutembea au kubeba ndoo ndogo kwa kumhurumia ni kuinyima mifupa yake kazi inayoiimarisha. Angetuuliza pia nani ameanguka mwaka huu, nani anaona kizunguzungu akiinuka baada ya kumeza dawa za presha, na nani macho yake yana mtoto wa jicho. Kwa dada yangu tuliweka bomba la kushikilia ukutani mwa choo na taa ya usiku baada ya ajali, kazi iliyomchukua fundi asubuhi moja.

Mashine ya kupima msongamano wa madini ndani ya mifupa haipo karibu nasi, na sitarajii iletwe kesho. Futi kamba ipo. Mtu aliyepungua sentimita 4 kutoka kimo cha ujana wake anastahili kupigwa picha ya mgongo.

Fomu yangu ya afya ya chuo cha ualimu, ya mwaka 1974, inaonyesha sentimita 162. Wiki iliyopita fundi wangu alinipima akapata 158. Nilizipeleka namba hizo mbili kliniki, na niliyemkabidhi karatasi akaniuliza ni za nini.

Mwalimu mstaafu,
Tanga